Kwa Profesa Tope, Aliyetufundisha Kulala Mchana

Mwaka umezunguka ukarudi pale pale, Mzee wetu, tangu mchana ule ulipofumba macho ukatuacha tumesimama kama abiria walioshushwa kituo wasichokijua. Tulidhani mwaka ni kitu kirefu. Kumbe ni kama kupiga mwayo: umefungua kinywa, umefumba, umekwisha.

Tunakuandikia hapa mbele za watu, ingawa tunajua ungeuliza kwa nini tusikuambie hayo nyumbani. Nyumbani tunakuambia kila siku. Lakini wapo waliokupenda ambao hatuwezi kuwafikia mlango kwa mlango: wanafunzi wako waliotawanyika huko na huko, majirani wa zamani, watu uliowapa lifti wakashuka na vumbi makalioni. Nao wana haki ya kujua tumeuishije mwaka huu. Mkeo ametupa ruhusa. Amesema tuandike yote, hata lile la ndoto, na tusimpambe.

Basi hatumpambi.

Waliokujua chuoni walikujua kwa udongo. Ulikuwa huwezi kupita mahali palipochimbwa, uwe msingi wa nyumba au shimo la nguzo ya umeme, bila kuinama. Unachota kidogo, unapekecha kiganjani, unalowesha kwa mate, kisha unavingirisha mpaka itoke kamba nyembamba kama tambi. Kamba ikishikana, huo mfinyanzi. Ikivunjika, kichanga. Na ukipata tifutifu, ule udongo wa kati na kati unaopokea maji bila kuyang'ang'ania, ulikuwa unatabasamu peke yako kama mtu aliyekumbuka utani wa zamani.

Hata siku tuliyomzika mkuu wako wa kitivo, hotuba zimepamba moto, mkeo alikuona unapekecha kitu nyuma ya mgongo. Akakufinya. Ukamnong'oneza, kwa huzuni kabisa, kwamba marehemu ana bahati, pale maji hayatatuama. Mkeo alicheka mpaka ikabidi ajifanye analia, na watu wakamsifu kwa moyo wake wa huruma.

Wanafunzi wakakubandika jina la Profesa Tope, wakidhani hulijui. Asubuhi moja wakasahau kulifuta ubaoni. Uliingia, ukalisoma, ukaweka mkoba wako chini. Darasa zima likakauka mate. Ukachukua chaki ukaandika chini yake: "Tope ni nini?" Ukageuka ukamwita aliyekaa mbele aanze kujibu. Somo la siku hiyo, wanatuambia, hawajalisahau mpaka leo, na jina nalo halikubanduka tena. Ulilipenda. Ulipostaafu walikuletea keki ya rangi ya kahawia, nawe ukaitazama muda mrefu, ukasema inaonekana ina mboji ya kutosha.

Lakini sisi hatukuishi na profesa. Sisi tuliishi na mtu ambaye mifuko yake ya koti ilikuwa mashamba. Siku ya kufua mkeo alikuwa anasimama karaini na vifurushi vyako vya karatasi mkononi, anakuita. Hiki ni kazi? Ni kazi. Na hiki? Hicho nacho ni kazi, Fundi, usikiloweshe. Na hiki? Ukikiangalia, ukinusa, ukisema hicho ni uchafu tu, tupa. Yeye akisema kwamba kwa miaka yote hiyo hajaona tofauti.

Fundi ndivyo ulivyomwita, na yeye alikuita Mwalimu, hata baada ya kupewa uprofesa, kwa sababu alisema uprofesa ni wa chuo, yeye ameolewa na mwalimu. Alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na geti la chuo. Wewe ulikuwa kijana ambaye suruali zake zote zimetoboka magotini, maana kazi yako ilikuwa kupiga magoti kwenye mashimo. Kiraka cha kwanza alikitia bila kuuliza. Cha pili akauliza kama wewe ni mtu wa sala nyingi. Ukamweleza kazi yako, ukaeleza mpaka mwenye duka akaanza kufunga milango. Ukawa huishi kuleta suruali. Zilipokwisha zilizotoboka, ukaleta nzima. Aliigeuza huku na huku, akaiinua mwangani, akasema, "Mwalimu, hii haina tundu." Ukasema, "Najua." Hapo ndipo mambo yalipoiva.

Ulikuwa baba wa kukaa nyumbani kila ulipopata mwanya. Fundi akizidiwa na nguo za watu, wewe ndiye uliyemsuka binti yako mkubwa kabla ya shule, mistari imepinda kama matuta yaliyolimwa na mlevi, na binti akaenda hivyo hivyo kwa kiburi kwa sababu kasukwa na baba. Leo ni muuguzi, anafunga vidonda vya watu kwa mikono miepesi, na anasema subira ya kufunga bandeji aliiona kwako, ukihangaika na kitana. Mwanao wa pili alipokataa chuo akataka usukani wa lori, ndugu walikujia juu: mtoto wa profesa, dereva? Ukawajibu kwamba katika ukoo huu lazima awepo mtu mmoja atakayeona ardhi yote. Ulimwomba jambo moja tu, kwamba kila barabara mpya inapokata kilima, asimamishe gari aangalie ukuta wa ule udongo, halafu akusimulie. Anasimamisha mpaka leo. Utingo wake anadhani ana matatizo ya tumbo.

Na mdogo wako, yule ambaye hajawahi kumaliza darasa wala msimu mahali pamoja, hukumsema hata siku moja. Wengine walimwambia atulie. Wewe kila aliporudi ulimvua viatu mwenyewe, ukavigonga, ukaangalia kilichodondoka, ukamwambia alikotoka kabla hajafungua mdomo. Ukikosea alikuwa anasema umepatia. Ulikuwa unafurahi mno.

Sasa tufike kwenye Jumapili.

Wageni waliokuja kwetu Jumapili baada ya chakula cha mchana walikuta mlango wazi na nyumba nzima imelala sebuleni. Ulikuwa mkataba wako. Magodoro yanashushwa chini, mito inatupwa, mapazia yanavutwa, na kila mtu, awe mtoto, shemeji au mgeni, anajinyoosha. Ulisema ardhi inayolimwa bila kupumzishwa huchoka, na binadamu ni ardhi inayotembea. Tulilala tumepangana kama vijiko. Pazia likijaa upepo na kunywea, likijaa na kunywea, mpaka mtu unashindwa kujua ni pazia linalopumua au ni wewe.

Na sheria ya kuamka ilikuwa moja: hakuna chai mpaka umesimulia ndoto.

Ndoto zako, utusamehe, zilikuwa mbovu kupita zote. Unatafuta darasa hulioni. Unasimamia mtihani hakuna watahiniwa. Umesahau chaki. Tulizijua kwa moyo, tukawa tunakumalizia. Lakini Fundi! Fundi alikuwa bingwa. Alikuwa anaota ndoto za kuendelea, wiki hii anaacha mahali, wiki ijayo anaanzia hapo hapo. Aliota anavisha milima mashuka. Aliota amepewa cherehani inayoshona maji, na mto ukaja kudai upindo. Wewe ulikuwa unamsikiliza mdomo wazi, kikombe kimepoa mkononi, kama mtoto mbele ya redio. Akimaliza, ulikuwa na swali lile lile: "Na huko, Fundi, ardhi yake ilikuwa ya rangi gani?"

Hakuwahi kujua. Hakuna aliyewahi kujua. Mtu akiota haangalii chini. Nawe ulikuwa unasikitika kweli kweli, kana kwamba ametoka safari ya mbali akasahau kukuletea ulichomwagiza.

Halafu ukaugua. Hatutakaa sana hapo, unapajua kuliko sisi. Mkeo alikuwa nawe wodini siku zote zile, kiti chake kimesogezwa mpaka magoti yake yanagusa kitanda chako. Mchana ule ulimwambia atoke apate hewa. Alitoka hadi kwenye benchi la korido, hapo nje ya mlango, akakaa, na uchovu wa siku zote ukamwangukia kwa mkupuo. Alilala. Alipoamka alimkuta binti yake amesimama mbele yake na sare yake ya kazi, uso umemshuka, na akajua kabla ya kuambiwa.

Kitu alichosema hakikuwa kilio. Alisema, "Kwa nini hukuniamsha?"

Binti yako hakujibu. Alilia tu. Na mkeo, ambaye hajui kuweka kinyongo, hakuuliza tena. Lakini swali halikuondoka. Lilikaa naye mezani, likalala naye kitandani. Alikuwa umbali wa mlango mmoja, na umeondoka yeye akichapa usingizi.

Ukaanza kutujia ndotoni. Ulimjia binti yako ukitafuta chaki ndani ya friji. Ulimjia mwanao, umekaa kwenye kiti cha utingo, ukimwambia apunguze mwendo. Mjukuu wako Chiriku, ambaye kimya hakimkai hata akilala, aliamka akatangaza kwamba babu anaendesha baiskeli juu ya paa na hataki kushuka. Mdogo wako ulimjia kwenye benchi la stendi, mbali huko, ukamvua viatu. Aliamka akapanda basi la kwanza la kurudi nyumbani.

Fundi hakukuota.

Mwanzoni tulidhani ni majonzi, yatapita. Miezi ikapita yenyewe. Yeye, bingwa wa nyumba, alikuwa anaingia usingizini kama mtu anayeingia chumba kisicho na taa na kutoka mikono mitupu. Hakuna wewe, hakuna milima, hakuna chochote. Alibadilisha mto. Alihamia upande wako wa kitanda. Alikuwa anakuita kabla ya kulala, kwa sauti ya kawaida, kama anavyokuita uje kula. Tulimsikia ukutani: Mwalimu. Mwalimu, wewe. Njoo basi.

Kisha akaja kinyozi. Unamjua, hana baya, hana breki. Alikuja kuchukua suruali yake iliyofupishwa, akamwambia mkeo kwa furaha kwamba amekuota. Umekuja kunyolewa, umekaa kitini, umejifunika kitambaa shingoni, na kichwani mwako zimeota nyasi mbichi, fupi, zinang'aa kwa umande, na yeye kasimama na mkasi hajui akate au amwagilie. Mkeo alicheka mpaka akashika ukuta. Akamfungia suruali yake, akamsindikiza getini, akarudi chumbani akajifungia. Binti yako alipogonga mlango, alimsikia anasema, taratibu, kama mtu anayehesabu hasara:

"Hata kinyozi."

Hapo ndipo tulipoelewa uzito wake. Fundi hakuwa analilia ndoto. Alikuwa anaamini umekasirika. Kwamba ulipokuwa unaondoka uligeuza shingo ukamtafuta, ukakuta kiti kitupu, na sasa unapita kwa kila mtu, unaruka mlango wake.

Na sisi, kwa kutaka kumponya, tukafanya kosa ambalo ni nyumba yetu tu ingeweza kulifanya. Tukapika ndoto.

Lilikuwa wazo la mwanao, na mdogo wako akalishabikia, maana kutia chumvi ndiyo kazi pekee aliyodumu nayo. Wakapatana kwamba umekuja, uko kwenye bustani nzuri, na umetuma salamu kwa Fundi. Kila mmoja angeisema kwa njia yake, kwa nyakati mbalimbali, ili ionekane umepita ukiagiza. Haraka ikawashinda, wakayasema yote siku moja, mezani. Mwanao akaanza: baba kaniambia nikwambie, mama, anakupenda sana, usihangaike. Mdogo wako akadakia kwamba ajabu, hata yeye kaka kamjia usiku huo huo, bustani hiyo hiyo, salamu hizo hizo.

Fundi aliweka kijiko chini. Alikuwa ametulia sana.

"Na huko bustanini," aliuliza, "ardhi yake ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyekundu," alisema mwanao.

"Nyeusi ti, shemeji," alisema mdogo wako, kwa wakati ule ule.

Wakatazamana. Wangesema hawakuangalia, kama tulivyokuwa tunasema wote siku zote, wangepona. Lakini mwongo huwa na jibu la kila kitu.

Mkeo hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema kwamba ameishi na wewe tangu ana meno yote, na hukuwahi kumtumia salamu kupitia kwa mtu. Ukiwa na neno ulikuwa unalileta mwenyewe, na tope lako, mpaka jikoni. Na hayo ya anakupenda sana hukuyasema hata siku moja. Ulikuwa unasema, Fundi, umekula? Akamgeukia mdogo wako akasema, "Wewe shemeji nakujua, umezunguka sana, uongo unakushika nguoni kama magugu. Lakini huyu mwanangu nilimzaa mwenyewe." Mwanao alitamani lori limpitie.

Aliondoka mezani akaenda kwenye cherehani yake, akashona mpaka jioni bila kuinua kichwa.

Aliyeumia kuliko wote ni yule ambaye hakusema kitu. Binti yako alikuwa amekaa pale pale, na yeye alikuwa na neno lako la kweli. Si la ndotoni, la wodini. Alilibeba miezi yote hiyo akiogopa kulitoa, na siku hiyo alikuja ameshapiga moyo konde kwamba leo atamwambia mama yake. Sasa angelitoaje? Salamu mbili za uongo zimeshatupwa mezani, ya tatu nani angeiamini? Akaimeza tena.

Ndivyo tulivyofika Jumapili ya kutimiza mwaka. Tulikuja wote. Tangu uondoke hatukuwa tumeshusha magodoro, hakuna aliyeamua hivyo, yalibaki tu yamesimama nyuma ya mlango. Baada ya kula Chiriku akalivuta moja peke yake, likamwangukia, likamfunika, akawa anaongea chini yake. Tukamtoa. Tukaona tumeshaanza, tukayashusha yote.

Fundi alisema sisi tulale, yeye ana gauni la mtu la kumalizia. Tukajinyoosha. Cherehani ilikuwa inakwenda chumba cha pili, inasimama, inakwenda, kama mvua isiyojua inataka nini. Mapazia yakaanza ile kazi yake. Mwanga sebuleni ukawa rangi ya chai. Bomba jikoni likidondosha tone, linasahau, linakumbuka, linadondosha jingine. Mmoja mmoja tukazama, na wa mwisho kuzama anasema alisikia cherehani imenyamaza, na godoro la pembeni likakandamizwa na mtu aliyelala upande wa ukutani, hapo ulipokuwa unalala wewe.

Tulipoamka alikuwa bado amelala. Alilala kama kitu kilichowekwa chini na mtu anayejua kuweka vitu: mikono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, kipande cha uzi mweupe kimemshika kwenye nywele. Hatukumbuki ni lini tulimwona amelala namna ile. Tuliondoka kwa vidole vya miguu. Tukapika chai bila kugonganisha kitu. Chiriku alitaka kwenda kumwita bibi, shangazi yake akamdaka mkono. Tukakaa tukinong'ona, vikombe vikipoa, jua likishuka kutoka kwenye mto wake kwenda miguuni, likapanda ukuta, na yeye bado amelala.

Alipofumbua macho alitazama dirisha kwanza, akaona mchana umekwisha. Kisha akatutazama sisi, tumejipanga na vikombe kama watu wanaosubiri daktari.

"Kwa nini hamkuniamsha?"

Aliuliza kwa usingizi tu, hakuwa na maana nyingine. Lakini hakuna aliyekuwepo ambaye hakulisikia swali lile jingine ndani yake, la koridoni. Yeye mwenyewe alilisikia. Tuliona linavyomrudia usoni.

Mwanao akaangalia vidole vyake vya miguu. Binti yako akaweka kikombe chake sakafuni.

"Baba alikataza," alisema.

"Leo?"

"Siku ile, mama."

Fundi alijiinua akakaa. Shavu lake lilikuwa na alama ya mto. Akamtazama binti yake kwa lile jicho lake la kupimia, linaloona bega moja limeshuka kabla ya kushika futi. "Usinipambie," alisema. "Alisemaje? Neno kwa neno."

"Nilimwambia namwita mama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akasema, 'Mwache Fundi alale.' Nikamwambia, baba, atanilaumu. Akasema, 'Atakulaumu kidogo.'"

Mkeo midomo ilimcheza, si kucheka, si kulia.

"Halafu?"

"Halafu akauliza umelalaje. Nikachungulia, nikamwambia umekaa vibaya, shingo imepinda. Akasema, 'Kamwekee kitu.' Nikavua sweta yangu, nikaja nikaikunja, nikakuwekea hapa." Binti yako alijigusa shingo. "Hukuamka. Nilikaa kidogo nione kama imeshika. Niliporudi ndani, ameshaondoka. Mama, hata mimi sikuwepo. Ndiyo maana nilishindwa kusema. Ulidhani mimi nilikuwepo. Hakuwa na mtu. Alinituma kwenye shingo yako, akaondoka."

Akainama, akalia kilio chake cha mwaka.

Fundi alimvuta kichwa akakilaza mapajani pake, mtu mzima, muuguzi mzima, na akawa anapitisha kidole kwenye nywele zake kama anayetafuta mahali pa kuanzia mstari. Alisema alipoamka pale koridoni alikuta sweta shingoni, akadhani alijiwekea mwenyewe. Alisema, huyo sasa ndiye. Huyo hakupikwa na mtu. Mtu yuko mlangoni anaondoka, anauliza shingo ya mwenzake imekaaje.

Kisha akacheka, ule mcheko wake wa kushika ukuta, ila safari hii hakuwa na ukuta karibu, akamshikilia begani mdogo wako.

"Kumbe namsumbua," alisema. "Mwaka mzima namwita, namwita, Mwalimu njoo, Mwalimu njoo. Yeye aliniacha nilale, mimi namwamsha kila siku."

Chiriku akauliza kama bibi ameota nini, maana bila ndoto hakuna chai. Fundi akasema hakuota kitu, amelala tu, na leo hiyo inatosha. Akapewa chai yake. Alikunywa vikombe viwili, akaomba na mkate.

Usiku huo, ukutani, hatukumsikia akikuita.

Kwa hiyo, Mzee wetu, usitafute darasa, usihangaike na chaki. Mkeo Fundi, binti yako muuguzi, mwanao dereva, mdogo wako ambaye viatu vyake sasa havigongwi na mtu, mjukuu wako Chiriku, kinyozi na nyasi zake, na wanafunzi wote wa Profesa Tope popote walipopiga magoti leo, tuko hapa, tunakukumbuka, na tutakukumbuka siku zote zilizobaki.

Lala. Tunatembea polepole.